MOTOKAA YA URITHI: ISIWASHWE SIKU YA KWANZA

Mzee akifariki, watu wa nyumba yake hukaa wakahesabu alichoacha: kiwanja, ng'ombe, akiba ya benki, pengine duka. Mali hizo zina desturi zake na sheria zake, na kila mtu anajua namna ya kuziendea. Lakini katika miji ya Kenya iko mali ya namna nyingine ambayo wazee wachache waliiacha, nayo huwatia warithi katika mashaka kuliko shamba. Hiyo ni motokaa ya mbio ya zamani, iliyolala bandani miaka ishirini au thelathini, isiyokwenda, isiyouzwa, wala hakuna mtu nyumbani anayethubutu kuitupa.

Mtaa wa Langas uko upande wa kusini wa Eldoret, karibu na barabara iendayo Kapsabet na Kisumu. Zamani palikuwa shamba. Baadaye pakagawanywa viwanja, na leo ni miongoni mwa mitaa yenye watu wengi kabisa katika Eldoret, mji ambao wenyeji wangali wakiuita Sisibo hata baada ya kupewa hadhi ya jiji tarehe 15 Agosti 2024. Viwanja vya Langas si vipana. Motokaa moja iliyofunikwa turubai chini ya mabati inakalia mahali pa vyumba viwili vya kupangisha, na kodi ya vyumba viwili ni karo ya mtoto. Kwa hiyo jambo la motokaa haliwezi kuachwa tu. Mtoto mmoja atasema iuzwe kwa wanunuzi wa vyuma vikuukuu. Mwingine atasema itengenezwe, maana baba aliipenda. Wa tatu, aliyeolewa Kitale, hataulizwa neno. Na mama atanyamaza.

Mara nyingi mambo huamuliwa kwa njia iliyo mbaya kuliko zote. Matanga yakiisha, vijana hukusanyika siku ya Jumapili. Betri huazimwa kwenye matatu ya jirani, lita mbili za petroli humiminwa juu ya ile iliyooza tangini, na ufunguo huzungushwa. Injini ikikataa, mtu hupaza sauti: "Isukumeni, itawaka!" Basi husukumwa, tena ikiwa katika gia. Katika dakika hiyo moja vitu ambavyo miaka ishirini ya kulala haikuvivunja huvunjika: ringi za pistoni hukatika, vali hupinda, vumbi la kutu hupita katika kabureta na kuingia katika silinda. Motokaa iliyokuwa imelala sasa imekufa kweli, na aliyeiua ni yule aliyeipenda zaidi.

Wasomaji na wachukue mfano wa familia ya Langas iliyoachiwa Datsun 240Z. Motokaa hiyo imechaguliwa kwa sababu historia yake na historia ya Afrika Mashariki zimeshikamana, na kwa sababu mengi yanayosemwa juu yake ni kweli pia kwa motokaa nyingine za rika lake.

ILIFIKAJE HUKU?

Mashindano ya Safari yalianza mwaka wa 1953, wakati wa kutawazwa kwa Malkia Elizabeth wa Pili, nayo yalipita Kenya, Uganda na Tanganyika. Yalifanywa katika majira ya Pasaka, mvua zinapoanza, na matope yake yakajulikana duniani kote. Jambo lililowagusa wenyeji zaidi ni kwamba motokaa zilizoshinda zilikuwa motokaa ambazo mtu angeweza kuziona dukani. Mwaka wa 1965 Joginder Singh, mzaliwa wa Kericho, pamoja na ndugu yake Jaswant, walishinda kwa Volvo PV544 ambayo haikuwa hata mpya. Ilikuwa imekwisha kutumiwa na wengine. Peugeot 404 ilishinda mara kadhaa, na hadi leo wazee husema jina lake kwa heshima.

Kisha wakaja Wajapani. Mwaka wa 1970 Edgar Herrmann, aliyekuwa mkazi wa Kenya, akisaidiwa na Hans Schüller, alishinda kwa Datsun 1600 SSS. Mwaka uliofuata, 1971, watu hao wawili walishinda tena, sasa kwa Datsun 240Z, na nyuma yao wa pili alikuwa Shekhar Mehta kwa 240Z nyingine. Mwaka wa 1973 Mehta, kijana aliyezaliwa Uganda, alishinda yeye mwenyewe akiwa na Lofty Drews, baada ya kulingana sawasawa kwa alama na Harry Källström wa Uswidi. Mehta alikuja kushinda Safari mara tano kwa jumla.

Basi si ajabu kwamba mtu mwenye mshahara mzuri wa miaka ya 1970, mwalimu mkuu au mfanya biashara, aliweka fedha akanunua motokaa ya namna hiyo, mpya au ya mkono wa pili. Ilikuwa na milango miwili na viti viwili tu, boneti ndefu, na injini ya silinda sita yenye ukubwa wa sentimita za ujazo 2,393. Haikufaa kubeba mbolea wala watoto sita. Mzee aliiendesha siku za Jumapili, kisha ada za shule zikazidi, vipuri vikawa ghali, na siku moja akaifunika turubai akisema ataitazama mwezi ujao.

Inafaa kukumbuka kwamba hata wenye kiwanda waliona kazi ya kufufua motokaa ya namna hii kuwa kubwa. Ile 240Z yenyewe iliyoshinda mwaka wa 1971 ilirudishwa Japani ikawekwa miaka mingi. Mwaka wa 2013 wafanyakazi wa Nissan, katika chama chao cha kufufua motokaa za zamani kilichoanzishwa mwaka wa 2006, waliichukua, wakaitengeneza, na injini yake ikanguruma tena. Hao ni mainjinia wa kampuni iliyoiunda, nao hawakuleta betri ya kuazima na kuisukuma.

NI MALI YA NANI?

Kabla ya spana yo yote kushikwa, iko kazi ya karatasi, na wengi huiruka. Sheria ya Urithi ya Kenya, iliyotungwa mwaka wa 1972 na kuanza kutumika tarehe 1 Julai 1981, inakataza mtu kuingilia mali ya marehemu kabla ya kupewa idhini ya mahakama. Kifungu cha 45 kinataja adhabu yake: faini isiyozidi shilingi 10,000, au kifungo kisichozidi mwaka mmoja, au vyote viwili. Kuuza motokaa, au kuing'oa injini na kuiuza peke yake, ni kuingilia mali. Kuiwekea mabati mapya isinyeshewe ni jambo jingine, maana huko ni kuilinda, na hakuna hakimu atakayemlaumu mtu kwa hilo.

Liko neno moja katika sheria hiyo ambalo watu wengi hawalijui. Mzee akifa bila wasia, akaacha mjane mmoja na watoto, vitu vya nyumbani na vya matumizi ya mwili huwa vyake mjane moja kwa moja. Lakini sheria inasema wazi kwamba vitu hivyo havihesabu motokaa. Motokaa huingia katika mali iliyobaki, ambayo mjane ana haki ya kuitumia katika maisha yake, na baadaye watoto hugawana sawa. Watoto, yaani wa kiume na wa kike. Yule binti wa Kitale ambaye hakuulizwa ana fungu sawa na kaka zake, na ile sauti ya kwanza ya kusikilizwa ni ya mama aliyenyamaza. Mzee akiwa aliacha wake zaidi ya mmoja, hesabu hubadilika, na hapo ni heri kumwona wakili mapema.

Maombi hupelekwa mahakamani pamoja na barua ya chifu inayotaja warithi. Tangazo huchapishwa katika Gazeti la Serikali, na watu hupewa siku 30 za kupinga. Idhini ikitolewa, kwa kawaida hupita miezi sita kabla haijathibitishwa na mali kugawanywa. Ndipo jina katika kitabu cha motokaa linapoweza kubadilishwa kwa Mamlaka ya Kitaifa ya Usafiri na Usalama, kwa njia ya mtandao wa serikali. Wengine hulalamika kwamba miezi hiyo ni mirefu mno. Kwa mwenye motokaa ya zamani si mirefu. Ni kiasi kile kile ambacho mafuta yanahitaji ili kupenya katika chuma kilichoshikana, na mafundi wanahitaji ili kuchunguza.

MIFUPA KWANZA

Kazi ya kwanza haigharimu kitu isipokuwa tochi na ufagio. Turubai liondolewe, vumbi lifagiliwe, viota vya panya vitolewe, na motokaa itazamwe chini kabla ya kutazamwa juu. Panya wa Langas hupenda kulala juu ya injini na ndani ya viti, na hula waya. Mkojo wao huoza bati kama chumvi. Kila waya uliotafunwa uwekewe alama.

Kisha kutu. Motokaa hii ya 240Z ina ugonjwa wake unaojulikana dunia nzima: mahali betri inapokaa huoza kwa asidi, na kuoza huko hushuka mpaka kwenye sakafu na kwenye nguzo za chini zinazobeba injini na magurudumu. Haina chesisi ya kando kama lori. Bodi lenyewe ndilo mifupa yake. Fundi achukue bisibisi butu aigonge sakafu na nguzo hizo taratibu. Panapolia kama kengele ni pazima. Panapobonyea, au bisibisi ikizama, hapo ndipo penye gharama, na ni vizuri familia ijue siku ya kwanza kuliko siku ya mia. Injini iliyoshikana hufunguliwa. Bodi lililooza kabisa humaliza fedha za watu. Ikionekana mifupa imekwisha, hakuna aibu kuamua kuiuza kama ilivyo, kwa ruhusa ya mahakama, kwa mtu mwenye uwezo kuliko familia.

Mafundi wa jua kali wa Eldoret ni hodari sana wa kuchomelea bati, na wengine hukunja kipande cha bati kwa nyundo na gogo kikafanana na cha kiwandani. Lakini wapo pia wanaoficha tundu kwa kifusi na rangi. Mwenye motokaa na aombe kuona chuma kitupu kabla ya rangi kupakwa.

MAFUTA NA SUBIRA

Eldoret iko juu, kiasi cha mita 2,100 kutoka usawa wa bahari. Mvua yake ni ya miezi mingi na usiku wake ni wa baridi. Chuma kilichopoa usiku hutoka jasho asubuhi, hata bandani. Jasho hilo huingia katika silinda kupitia vali zilizobaki wazi siku injini ilipozimwa mara ya mwisho, nazo ringi za pistoni hushikamana na ukuta wa silinda kwa kutu nyembamba. Kutu hiyo ikilainishwa, injini hufunguka bila kuumia. Ikilazimishwa, huvunja.

Plagi zote sita zitolewe, nazo zipangwe kwa utaratibu ili ijulikane ipi ilitoka wapi, maana plagi ni kama ulimi wa mgonjwa. Humwambia fundi habari za ndani. Kila tundu litiwe vijiko vichache vya mafuta mepesi. Wengi hutumia mafuta ya giaboksi za otomatiki, peke yake au pamoja na dizeli kidogo. Kisha matundu yafunikwe, na watu waende zao. Wiki moja ipite. Mafuta yaongezwe. Wiki nyingine ipite.

Ndipo kifuniko cha juu cha injini kiondolewe, ili vali zote zionekane, na spana itiwe katika nati ya puli ya mbele. Fundi avute kidogo mbele, kidogo nyuma, kwa nguvu ya mkono mmoja. Asiongeze bomba juu ya spana ili apate nguvu zaidi. Bomba hilo limeua injini nyingi. Ikikataa, arudi wiki ijayo. Ikikubali kusogea upana wa kidole, imekwisha kushindwa, na siku chache baadaye itazunguka nzima. Inapozunguka, mtu wa pili atazame kila vali kama inarudi mahali pake, maana vali iliyonata ikiwa wazi hugongwa na pistoni, na gongo hilo moja hugharimu kuliko kazi yote iliyotangulia.

Hapo ndipo mafundi hutofautiana. Kijana aliyesoma motokaa za siku hizi hutafuta mahali pa kuchomeka kompyuta, na hapa hapana. Mzee wa miaka sabini aliyezoea Datsun na Peugeot huinama, husikiliza, hugusa kabureta kwa kidole na kusema palipo na ugonjwa. Wazee hao wangali wapo katika magereji ya Eldoret, lakini hupungua kila mwaka, na ujuzi wao haukuandikwa. Familia yenye akili itamwajiri kijana na kumlipa mzee akae kitini karibu naye. Tena ipo faida nyingine ya kumtafuta aliyezoea Datsun: kila silinda ya injini ya 240Z ina upana na mwendo ule ule wa silinda ya Datsun 1600, milimita 83 kwa milimita 73.7. Ni kama injini ya 1600 iliyoongezewa silinda mbili. Aliyefungua ile ya teksi na ya mwalimu miaka ya 1970 ameifungua na hii, ingawa hakujua.

PETROLI, MAJI NA HEWA

Petroli ya zamani isitumiwe, hata tone. Ikikaa miaka hupoteza sehemu yake nyepesi iwakayo upesi, hubaki na harufu ya rangi ya mbao, na mwisho huacha utomvu wa kahawia unaoziba matundu madogo kuliko uzi. Tangi literemshwe, lioshwe, likaguliwe ndani kwa kutu. Mipira yote ya petroli ibadilishwe, hata inayoonekana mizima, maana mpira wa zamani hupasuka mara ya kwanza unapobanwa na petroli mpya. Jambo hili si dogo katika mtaa ambao nyumba ya mabati inagusana na nyumba ya mabati. Petroli ikidondoka juu ya bomba la moshi lenye moto, si motokaa moja itakayoungua. Motokaa itolewe nje, mbali na jiko, na ndoo mbili za mchanga pamoja na kizima moto cha unga viwe tayari kabla ya betri kufungwa.

Kabureta zake mbili zilitengenezwa na Hitachi kwa mfano wa SU za Kiingereza. Ndani ya kila moja imo pistoni ndogo ambayo lazima ipande kwa kidole na kushuka yenyewe kwa mlio mdogo. Ikinata, isafishwe tu. Isisuguliwe kwa msasa. Tena pana habari ya hewa. Kwa sababu ya urefu wa nchi, hewa ya Eldoret ni nyepesi kuliko ya Mombasa kwa kiasi cha moja kwa tano. Kabureta iliyopimwa pwani itatoa petroli nyingi mno huku juu, injini itatoa moshi mweusi na plagi zitajaa masizi. Injini ngapi zimefunguliwa bure kwa ugonjwa ambao ungepona kwa kugeuza nati iliyo chini ya kabureta!

Mafuta ya zamani ya injini yamwagwe yote, na chujio kipya kifungwe. Maji ya redieta vile vile. Wako wanaosema Eldoret haina barafu, kwa hiyo dawa ya redieta ni anasa ya Wazungu. Si kweli. Hedi ya injini hii ni ya aluminiamu na bloku yake ni ya chuma. Maji matupu ya mfereji hula aluminiamu polepole, na dawa ile huwekwa kwa kuzuia kuliwa huko kuliko kwa kuzuia barafu.

Kisha, plagi zikiwa bado nje, stata izungushe injini kwa muda mfupi mfupi mpaka mshale wa mgandamizo wa mafuta upande. Usipopanda, hakuna kuwasha. Ukipanda, sehemu zote zimekwisha kupata mafuta, na plagi zinaweza kurudishwa.

BREKI KABLA YA INJINI

Wengi hukosea utaratibu. Hufurahia injini, hupanda, hutoka langoni, na huko barabarani hukumbuka kwamba kuna kitu kiitwacho breki. Mafuta ya breki hunywa unyevu kutoka hewani, na katika miaka ishirini huozesha silinda kubwa na silinda ndogo za magurudumu kutoka ndani, mahali pasipoonekana. Kiatu cha breki za nyuma hushikamana na ngoma yake. Sahani ya klachi nayo hushikamana na gurudumu zito la nyuma ya injini, hata mtu akikanyaga klachi injini na magurudumu hubaki kitu kimoja. Motokaa ikiwashwa katika gia wakati huo itaruka mbele na kumbana mtu ukutani.

Mipira yote ya breki ibadilishwe. Matairi yasiaminiwe kwa sababu ya meno yake. Tangu mwaka wa 2000 tairi huandikwa tarakimu nne za wiki na mwaka wa kutengenezwa. Yenye tarakimu tatu ni ya karne iliyopita, na hata kama ina meno kama mpya, kazi yake sasa ni kupandia maua.

SIKU YENYEWE

Siku ikifika, magurudumu yawekewe matofali, gia iwe huru, petroli safi iwe katika mtungi mdogo uliofungwa vizuri, na watoto wawe mbali. Mtu mmoja awe kwenye ufunguo, mmoja kwenye mchanga, na fundi juu ya injini. Itakohoa. Itatoa moshi wa buluu kwa sababu ya mafuta yaliyotiwa katika silinda, na jirani watatoka nje. Moshi huo si ugonjwa. Baada ya dakika kadhaa hupungua. Iachwe iungurume kwa dakika chache huku mshale wa mafuta na wa joto ukitazamwa, kisha izimwe, ipoe, na ikaguliwe chini kama inavuja. Mara ya pili iachwe muda mrefu zaidi. Hakuna kwenda uwanja wa ndege siku hiyo, hata vijana wakisihi. Kilomita za kwanza ziwe ndani ya mtaa, kwa mwendo wa baiskeli, na baada ya siku hizo mafuta yamwagwe tena, maana yatakuwa yamebeba uchafu wa miaka yote.

Wengine wana wasiwasi juu ya petroli ya siku hizi, kwa kuwa Kenya, pamoja na nchi jirani, iliacha petroli yenye risasi mwanzoni mwa mwaka wa 2006. Kwa injini hii si tatizo kubwa, kwa sababu makalio ya vali zake yametiwa chuma kigumu katika hedi ya aluminiamu. Wenye motokaa za Kiingereza za hedi ya chuma ndio wanaopaswa kuuliza fundi.

Barabarani haiendi bila bima ya watu wengine, ambayo ni lazima kwa sheria, wala bila majina kuwa sawa katika kitabu chake. Ikifika hapo, familia itapata wageni. Motokaa za 240Z hutafutwa sasa katika Marekani, Ulaya na Japani, na yule mnunuzi wa vyuma vikuukuu aliyetaja bei ya kilo atarudi na bei nyingine. Thamani yake imo katika vitu ambavyo vijana hutupa: namba ya injini inayolingana na ile ya kibao chake, usukani wa kwanza, vioo vya kwanza, risiti za zamani za mzee, hata kile kitabu cha maelezo kilicholiwa na panya pembeni. Hakuna kilichotolewa katika motokaa kitakachotupwa kabla ya kuulizwa mara mbili. Wasiotaka kuuza wanaweza kuipeleka Nairobi, ambako tangu mwaka wa 1970 yamekuwapo maonyesho ya motokaa nzuri, na mengi yamefanywa katika uwanja wa mbio za farasi wa Ngong. Hakimu huko hutazama usafi chini ya boneti kama mama mkwe.

Limebaki daftari. Tangu siku turubai lilipoondolewa, kila shilingi iliyotumika iandikwe, nani aliitoa, kwa kazi gani, na risiti ibanwe ukurasani. Mtoto mmoja akilipia injini peke yake bila maandishi, siku ya kugawana atadai motokaa yote, na wenzake watadai hakulipa kitu. Daftari hilo na ufunguo wa pili vikae kwa mama.